Koti la Serikali

Nyumba ya fundi Tisauke ilijaa waombolezaji mpaka uani, na kila aliyeingia alilia kwa adabu. Hapo ndipo penye shida. Mjane wake, Mailesi, alikuwa ameketi chini kwenye godoro, miguu ameinyoosha, kitenge kimemfunika hadi kidevuni, na wenzake walidhani anafuatilia nyimbo za kwaya. Wapi! Masikio yake yote yalikuwa nje, kwa wanaume waliouzunguka moto. Alikuwa akingoja mtu mmoja tu amtukane mumewe.

Hakuna aliyemtukana.

"Hata neno moja?" alimnong'oneza bintiye. "Tangu jana?"

"Mama, ni msiba," alisema Falesi.

"Ndiyo maana nauliza."

Tisauke alikuwa Mngoni wa Chipata, mashariki ya Zambia, na chuo cha kijeshi cha Mutondo kilikuwa kimejaa Wabemba kama gunia lilivyojaa mahindi. Wangoni na Wabemba ni watani. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaona kutukanana ni nafuu, na tangu hapo hakuna ruhusa ya kukasirika. Mbemba kwa Mngoni ni kima. Mngoni kwa Mbemba ni mla panya. Na Tisauke, raia ambaye hajawahi kushika bunduki, alikuwa fundi cherehani wa chuo kile tangu zama ambazo makanali wa leo walikuwa makuruta wanaowalilia mama zao chini ya blanketi. Kuruta alitoka stoo na suruali ya kuingia watu wawili, akaambiwa, nenda kwa fundi. Fundi alimsimamisha, akauma pini, akamzungusha, akamuuliza kwao wapi. Akisikia Kasama au Luwingu, kwa Wabemba, alifungua dirisha awaite wapita njia waje waone.

"Sema mapema, bwana mdogo. Nikuachie tundu la mkia, au utaukunja?"

Na yule kuruta, aliyekuwa amefokewa wiki nzima na kila mwenye kitu begani, alijikuta anacheka. "Pima haraka, mzee. Mimi si panya, usianze kunitia chumvi."

Pale kwenye cherehani ndipo mahali pekee kambini ambapo kuruta aliweza kumjibu mtu. Ndiyo maana walimpenda. Wengine walipanda vyeo, wakahamishwa, wakanenepa, na bado wakipita Mutondo walikwenda kwanza dirishani kwa fundi kutukanwa.

Sasa moyo ulikuwa umemsimama akiwa palepale kwenye cherehani, na msiba wa mtu wa namna hiyo una wenyewe. Mtani ndiye anayepasua kuni, ndiye anayechota maji, ndiye anayemsimanga marehemu mpaka mjane acheke atake asitake, ndiye anayelala mbele ya jeneza akidai pombe ndipo apishe njia. Anayezikwa bila kutaniwa, watu husema alikuwa mpita njia tu, hakuwa na mtu. Zamu ya Wabemba kumjibu Tisauke ilikuwa imefika, nao wamenywea kama waliomwagiwa maji.

Mchana aliingia Bana Chola, yaani Mama Chola, mpishi wa mesi ya maofisa, Mbemba mwenye mwili na sauti, kila kimoja kwa wingi wake. Dirisha la jiko lake lilitazamana na dirisha la fundi, na kwa miaka yao yote pale wale wawili walitupiana maneno kutoka dirisha hadi dirisha mpaka maofisa wakala chakula kimepoa. Leo alitembea kwa ncha za vidole. Akapiga goti, akatoa pole kwa sauti ya kanisani.

Mailesi akamshika upindo wa kitenge. "Bana Chola, ni wewe kweli? Ni wewe uliyemwita mume wangu mwizi wa panya mbele ya askofu?"

Bana Chola akatazama mlango kwanza. "Shoga yangu, kuna amri."

"Amri gani tena?"

"Kanali Imasiku. Kasema gwaridani jana asubuhi: msiba wa mzee ni wa heshima, utani marufuku. Jenerali anakuja kutoka Lusaka na watu wa wizara. Atakayepatikana anatania, korokoroni."

"Korokoroni ni kwa askari. Wewe raia."

"Mimi raia mwenye kibarua, Mailesi." Akamsogezea bakuli la nshima, ugali wa kwao, na majani ya maboga. "Kula, dada. Tangu juzi hujatia kitu mdomoni."

Mailesi akasukuma bakuli polepole. Bana Chola akalitazama lile bakuli, akamtazama Mailesi, na mdomo ukamfunguka. Ilionekana wazi kwamba tusi limepanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akaondoka haraka, mkono kifuani, kama mtu aliyemeza kiazi cha moto.

"Kanali amefanya jambo zuri," Falesi alisema alipokwisha kutoka. Falesi alikuwa mwalimu mjini, mumewe wa benki, na wakwe zake walikuwa uani wamevaa viatu vya kung'aa. "Unataka wakwe zangu waone mtu amejilaza kwenye jeneza la baba anadai bia?"

"Ndiyo," alisema Mailesi. "Ndicho ninachotaka wakione."

*

Jioni alikuja Sajini Kapambwe kuchukua nguo za kumvalisha marehemu. Mailesi alikuwa ameiandaa suti ya kahawia. Tisauke aliishona mwenyewe kwa ajili ya harusi ya Falesi, akaifumua, akaishona tena, akaifumua tena, mpaka bibi harusi akatishia kuahirisha. Lakini siku alipoivaa ilimkaa kama ganda linavyolikaa yai. Kwa mtu aliyekesha akirekebisha nguo za wengine, hiyo ndiyo ilikuwa nguo yake.

Kapambwe aliipokea kwa mikono miwili. Naye alikuwa Mbemba, wa Mporokoso, na alikuwa na kovu dogo pajani ambalo fundi alilisababisha kwa pini siku walipochekeshana kupita kiasi. Alisimama wima, macho kwenye viatu.

Mailesi hakuwa mtu wa utani. Kwa miaka yote kazi hiyo alimwachia mume, yeye akawa mtu wa kucheka kutoka jikoni. Lakini akaona ajaribu.

"We," alisema. "We kima."

Ikatoka kama mgonjwa anayeomba maji. Kapambwe akaikumbatia suti kifuani.

"Pole sana, mama," akasema, akageuka nyuma kama yuko gwaridani, akaenda zake.

*

Asubuhi ya maziko walifika maofisa wadogo na lori la viti vyenye vitambaa vyeupe. Akina mama waliokuwa wamekaa barazani waliombwa, kwa heshima kubwa, wasogee. Walisogea mpaka karibu na banda la kuku. Kisha luteni mmoja mwenye glavu akamjia Mailesi mwenyewe.

"Mama wa marehemu..."

"Mke."

"Samahani sana. Mke wa marehemu atakaa mstari wa nyuma, jua lisimpige."

"Hilo baraza ni langu."

"Ndiyo, mama. Ni kwa leo tu."

Jeneza lilipoteremshwa garini kukawa na mjadala mwingine. Raia hafunikwi bendera. Kumwacha wazi haipendezi. Luteni akakimbia mesi, akarudi na kitambaa cheupe cha meza, wakamfunika nacho. Kutoka penye masufuria, Bana Chola alikikodolea macho kile kitambaa, akafunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Jenerali hakuja. Alituma shada la maua na dereva. Kwa hiyo sababu ya amri ilibaki Lusaka, na amri yenyewe ikabaki Mutondo.

Ndipo Kapambwe alipomfuata Mailesi na kumpa mfuko wa plastiki. Mjane akachungulia. Suti ya kahawia, imekunjwa vilevile alivyoikunja yeye.

"Hamkumvalisha?"

"Kanali ameona avae heshima ya chuo, mama," alisema Kapambwe, huku akitafuta mahali pa kuweka macho.

Wakafunua jeneza watu waage.

Lilikuwa koti la sherehe, la kijani, lenye vifungo vya shaba. Limetoka stoo, na stoo ya Mutondo haijawahi kuwa na nguo ila ya aina mbili: kubwa, na kubwa zaidi. Mikono ilikuwa imemeza vidole vyote. Kola imepanda imefunika masikio. Tisauke alionekana kama mtu anayechungulia kutoka ndani ya gunia kuona kama mvua imekatika. Chuo kizima hakikuwa na mtu wa kulipunguza koti lile, kwa kuwa mwenye kazi hiyo ndiye aliyekuwa ndani yake.

Askari walipita mmoja mmoja. Kila aliyepita aliona, na kila aliyeona alijua wenzake wameona. Wengine waliuma midomo. Koplo mmoja alikohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa wowote. Kapambwe alipofika mabega yalimcheza, na ilikuwa vigumu kusema analia au nini. Kanali Imasiku, mtu wa Mkoa wa Magharibi, si Mbemba wala Mngoni, mrefu, mpole, mwenye kupenda mambo yapangike, alisimama kando ya jeneza akimkazia macho kila mmoja.

Mailesi akaongozwa na Falesi. Akainama. Akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mama," Falesi akamfinya mkono.

"Ni mzee wetu, mama," alisema Kanali kwa upole.

"Mume wangu hajapata kuvaa nguo isiyomkaa. Hata ya kulalia. Watu watamwonaje? Watasema kazi yake ilikuwa hii?"

"Mama, mimi mwenyewe alinishonea nilipokuwa kuruta. Nilitaka azikwe kama mmoja wetu."

"Hakuwa mmoja wenu," alisema Mailesi. "Ndiyo maana mlimpenda."

Mailesi akaketi chini, palepale penye vumbi mbele ya viti vyeupe, akakumbatia ule mfuko wa plastiki.

"Haendi popote na gunia hilo. Mkimzika hivyo, mzikeni peke yenu. Mimi nitakuwa sijazika."

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Wakwe wa Falesi wakatazamana. Falesi akawa anamvuta mama mkono, "Mama inuka, mama tafadhali, watu wote wanatutazama," na mama hainuki. Mchungaji akatazama saa.

Kanali akachuchumaa, jambo ambalo makanali hawalifanyi hadharani. "Nisikilize, mama. Nimekosea. Sikukuuliza. Lakini amekwisha kuvalishwa, yuko mbele ya watu, ibada imeanza. Kumtoa mtu jenezani kumvua nguo, nani atafanya hivyo? Mimi siwezi kuamuru. Mchungaji hawezi. Wewe mwenyewe mila haikuruhusu kumgusa sasa. Hakuna mwenye ruhusa hiyo."

Kila Mbemba aliyekuwa pale aliinua kichwa. Maana si kweli. Yupo mwenye ruhusa hiyo. Msibani yupo mtu mmoja anayeweza kumgeuza maiti akitaka, kumvua, kumkalia, na asiulizwe na mtu.

Kutoka penye masufuria, mwiko ukaanguka.

"Mimi ninayo," alisema Bana Chola.

Alikuja na aproni yake, akiwapangua maofisa kama anayepangua kuku njiani. Alianza na kitambaa cha meza. "Hiki nipeni, ni cha mesi, hapa kuna mchuzi wangu wa Jumapili." Akakitupa begani. Kisha akashika kiuno, akainama jenezani.

"Tisauke! Mla panya mkubwa! Koti hilo umemwibia nani?"

Ule mstari wa askari ukapasuka. Kicheko kilichokuwa kimezuiliwa tangu gwaride la juzi kilitoka kwa mkupuo, mpaka kuku wakaruka.

"Fundi mzima unazikwa na nguo ya kuazima! Ulitucheka, ulitupima mikia, leo tazama! Na hiyo mikono umeifichia nini humo ndani? Umekamata nini? Fungua tuone! Hata kufa umeshindwa kufa vizuri!"

"Bana Chola," alisema Kanali, akisimama. "Amri unaijua."

"Naijua, baba. Nifukuze nikishamzika." Akarudi nyuma, akajitupa kwenye kiti cha Kanali, kiti kikalia. "Mimi Mbemba. Huyu mtani wangu. Leo hapa mwenye cheo ni mimi."

Kanali akageukia mstari wake wa askari, na mstari haukuwa mstari tena. Kapambwe alikuwa amepiga hatua moja mbele. Kisigino kikagonga kisigino, saluti ikapanda.

"Sajini Kapambwe, afande! Mbemba wa Mporokoso! Naomba ruhusa ya kumtukana marehemu!"

"Koplo Mutale, afande!" yule wa kikohozi akafuata. "Mbemba wa Chinsali. Ruhusa kama ya sajini."

Wakazidi kupiga hatua mbele, mmoja huku, mwingine kule, hadi luteni mwenye glavu, ambaye alijitaja kwa sauti ndogo kwamba upande wa mama yake naye ni Mbemba.

Kanali akawatazama. Akamtazama mjane aliyeketi vumbini. Akavua kofia.

"Sajini," alisema, "nakwenda kupiga simu."

Akazunguka nyuma ya tangi la maji. Simu yake ilikuwa kwenye kiti, Bana Chola ameikalia.

*

Watani wakalibeba jeneza wakaliingiza ndani, wakafunga mlango. Mailesi akauinua mfuko, mkono ukatoka dirishani ukaupokea. Waliobaki uani walisikia tu.

"Inua mkono wake. Huo wangu, mjinga!"

"Suruali kaza hapo nyuma, aliniambia mimi ndiye mwenye mkia."

"Alinichoma pini hapa, nikimchoma kidogo na mimi?"

"Thubutu! Yuko mkewe."

Koti la kijani likatupwa nje kupitia dirishani, likatua kwenye mapaja ya baba mkwe wa Falesi. Mzee yule alilishika, akalipima kwa macho, akamgeukia mkewe. "Lakini kweli hili lilikuwa kubwa," akasema, na mkewe akajificha uso kwa mkoba akicheka. Falesi, aliyekuwa ameganda tangu mwanzo, akaketi vumbini karibu na mama yake, gauni jeusi na yote.

Mlango ukafunguliwa. Tisauke alitoka akiwa Tisauke. Mabega yalikuwa mahali pa mabega. Ncha ya shati ilionekana kidogo tu kwenye mikono, vile alivyotaka mwenyewe. Watu wakasema "aah" bila kupangwa.

Lakini mtani hapishi njia bure. Bana Chola akajitanda mbele ya jeneza, miguu imeachana.

"Haendi mtu! Huyu alinitukana asubuhi, mchana na jioni. Alisema nikisimama jikoni jua halipiti. Sasa ni zamu yangu! Tisauke, wewe ni mfupi, wewe ni mbishi, ulikula kwenye sufuria zangu ukasema ni za kima, na sahani ukailamba! Unasemaje?"

Akatulia, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyofanya siku zote pale dirishani. Maana siku zote jibu lilikuja kabla hajafunga mdomo.

Halikuja.

"Nimesema uliilamba sahani," akarudia, chini zaidi.

Hapo ndipo kambi ya Mutondo ilipojua kwamba fundi amekufa. Siyo hospitali, siyo gwaridani, siyo alipofunuliwa jeneza. Askari wote wakaangalia viatu vyao, na safari hii si kwa amri. Bana Chola alishika ukingo wa jeneza.

"Nijibu basi, mzee. Nijibu. Utaniacha na maneno yote haya niyapeleke kwa nani?"

Uani palikuwa na Wabemba tele. Mngoni wa kumjibu hakuwepo, ila bintiye tu. Falesi akainamisha kichwa. Alikwenda shule nzuri, hakuna aliyemfundisha hili.

Mailesi akajipangusa vumbi. Akasimama mwenyewe, bila kushikwa.

"We Bana Chola," alisema, na safari hii sauti haikuomba maji. "Acha kelele. Mwanamume wa Kingoni hajibizani na kima akiwa amevaa suti."

Kicheko kikalipuka. Wakwe walicheka, mchungaji alicheka, na kutoka nyuma ya tangi la maji kikasikika kicheko kinene cha mtu asiye na simu. Bana Chola alijishika magoti, akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akajifuta uso kwa kitambaa cha mesi, mchuzi na yote.

"Umenipiga," alisema akihema. "Mke wa panya, umenipiga." Akapisha njia.

Mailesi akasogea jenezani. Akailaza kola ya suti kwa kidole, ingawa ilikuwa imelala tayari. Watani wakaingiza mikono chini ya jeneza, wakamtazama yeye.

"Mbebeni," akasema. "Taratibu. Msimkunje."